Mtakatifu Yosefu Cafasso, Padre wa Waliohukumiwa Kunyongwa

Kila mwaka tarehe 23 Juni, siku moja kabla ya sherehe ya kuzaliwa kwake Yohane Mbatizaji, kalenda ya watakatifu inaleta jina ambalo wengi wetu hulipita bila kusimama: Yosefu Cafasso, padre wa Torino, kaskazini mwa Italia. Ujirani huo wa tarehe una maana yake. Yohane Mbatizaji alikufa gerezani kwa amri iliyotoka kwenye meza ya karamu, bila shitaka wala utetezi. Padre Cafasso naye alitumia sehemu kubwa ya upadre wake miongoni mwa watu waliofungiwa nyuma ya kuta nene, na wengi kati yao aliwasindikiza mpaka chini ya kitanzi.

Katika nchi zetu, akitajwa, hutajwa kwa sababu ya watu wengine. Ni mjomba wa Mtakatifu Yosefu Allamano, mwanzilishi wa Wamisionari wa Konsolata walioleta Injili Nyeri, Meru, Iringa na kwingineko. Ni kiongozi wa kiroho wa Mtakatifu Yohane Bosco, baba wa vijana. Yeye mwenyewe hubaki kivulini, na nadhani asingelalamika. Hata hivyo, mpendwa msomaji, yapo mambo ambayo mtu huyu aliyafahamu kuhusu kosa, hukumu na adhabu ambayo sisi tunaendelea kujifunza polepole, na mengine ambayo hata yeye hakuyafikia.

Alizaliwa tarehe 15 Januari 1811 katika kijiji cha Castelnuovo d'Asti, mtoto wa tatu kati ya wanne wa familia ya wakulima. Miaka minne baadaye, katika kitongoji cha parokia hiyohiyo, alizaliwa Yohane Bosco. Cafasso alikuwa mfupi wa kimo na mgongo wake ulikuwa umepinda kiasi cha kufanana na mwenye kibiongo. Akisimama mimbarani, waliomwona kwa mara ya kwanza walimhurumia kabla hajafungua kinywa. Alisoma Chieri, akaingia seminari huko, na tarehe 21 Septemba 1833 akapewa daraja takatifu ya upadre akiwa na umri wa miaka 22, kwa ruhusa maalumu kwa kuwa miaka iliyotakiwa na sheria ya Kanisa ilikuwa haijatimia.

Mapadre wapya wa wakati ule walitoka seminari wakiwa na Kilatini kingi na uzoefu mdogo wa watu. Kwa ajili hiyo mwaka 1817 Padre Luigi Guala alikuwa ameanzisha Torino nyumba ya malezi, maarufu kwa jina la Convitto, karibu na kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Humo mapadre vijana waliishi pamoja wakijifunza kuhubiri na kuungamisha. Cafasso aliingia nyumba hiyo mwaka 1834 kama mwanafunzi, na hakutoka tena. Mwaka 1836 alianza kufundisha Teolojia ya Maadili akimsaidia Padre Guala, na mwaka 1848, Guala alipofariki, akawa gombera. Alikufa akiwa katika nyumba ileile. Kwa mtazamo wa nje, ni maisha ya mwalimu asiyehama dawati lake.

Lakini darasani mle ndimo kilimokuwa chanzo cha yote aliyoyafanya magerezani, nami naomba msomaji anivumilie nikae hapo kidogo.

Kanisa la eneo lile lilikuwa bado limebeba urithi mzito wa Ujanseni, yaani mafundisho yaliyomwona Mungu zaidi kama mdai kuliko kama Baba. Katika hali hiyo mwungamishi mwema alihesabiwa kuwa yule mkali. Mtu aliyeungama dhambi ya mazoea angeweza kunyimwa ondoleo kwa majuma au miezi, mpaka athibitishe kwamba amebadilika. Kipimo kilikuwa kimoja kwa wote: tajiri na maskini, mjane aliyeiba unga na mfanyabiashara aliyepunja mizani. Dhambi ilitazamwa, mtenda dhambi hakutazamwa.

Cafasso alifuata njia nyingine, ile ya Mtakatifu Alfonsi Maria wa Liguori. Inafaa kukumbuka kwamba Alfonsi alikuwa mwanasheria mashuhuri wa Napoli kabla ya kuwa padre, akaiacha kazi hiyo mwaka 1723 baada ya kushindwa kesi kubwa. Huenda ndiyo sababu alijua vizuri jinsi karatasi za kesi zinavyoweza kumficha mtu. Teolojia yake ya Maadili inauliza alichotenda mtu, lakini pia kama alijua, kama alitaka kwa hiari yake yote, alisukumwa na nini, alilelewa wapi, aliogopa nini. Cafasso alifundisha kwa njia ya mifano ya watu: siku baada ya siku aliwawekea mapadre vijana kesi moja mezani, wakaipima pamoja. Hakuwafundisha kuita uovu wema. Aliwafundisha kwamba hakuna watenda dhambi wawili wanaofanana, na kwamba mwungamishi anayetumia jiwe moja la mizani kwa watu wote anatenda udhalimu hata kama jiwe lenyewe ni halali.

Kisha akawachukua wanafunzi wake na kuwapeleka gerezani.

Torino ilikuwa mji mkuu wa Ufalme wa Sardinia, mji wa kasri, jeshi na mahakama, na magereza yake yalikuwa kadhaa ndani ya mji. Mojawapo lilikuwa pale penye mahakama kuu, lenye vyumba vya chini visivyofikiwa na jua. Waliongoja hukumu walilala bega kwa bega na waliokwisha kuhukumiwa. Wavulana walilala karibu na majambazi wazoefu. Kazi hapakuwa. Siku ilipita kwa kamari, matusi, ugomvi na usingizi. Chawa na kunguni walikuwa wa wote. Cafasso aliingia humo juma baada ya juma, wakati mwingine kutwa nzima, na alipotoka kanzu yake ilitembea wadudu. Hakuwa na cheo rasmi cha kumtisha mtu. Alikuwa na mkoba wenye mkate, matunda, tumbaku na fedha kidogo.

Tumbaku hiyo iliwaudhi baadhi ya wacha Mungu wa mjini, waliosema padre anawaengaenga wahalifu. Cafasso hakubishana nao. Alijua kwamba mfungwa aliyekwisha kusikia mahubiri mengi humsikiliza kwanza yule anayemkumbuka kama mtu mwenye njaa, mwenye baridi na mwenye hamu ya kuvuta. Alibeba pia habari: alikwenda kwa mama wa huyu kumweleza kwamba mwanawe yu hai, alitafuta mke wa yule, alipeleka fedha ya kodi kwa watoto walioachwa bila mlezi. Watu huhukumiwa mmoja mmoja, lakini adhabu huliwa na nyumba nzima. Hilo kila padre anayefanya utume wa magereza anaweza kulishuhudia.

Don Bosco ndiye aliyetuachia kisa kinachojulikana zaidi. Katika chumba kimoja kikubwa walikuwamo wafungwa 45 wenye sifa mbaya kuliko wote. Cafasso alikaa nao juma zima akiwafundisha ili waungame kabla ya sikukuu ya Bikira Maria. Wote waliahidi. Siku ilipofika, hakuna aliyesogea. Kila mmoja alimwonea haya mwenzake. Padre yule mfupi akamwendea mfungwa mrefu kuliko wote, mwenye nguvu kuliko wote na ndevu nyingi, akamkamata ndevu. Jitu lile lilidhani ni mzaha, likamwomba aziachie. Akajibiwa kwamba haachiwi mpaka aungame. Alicheka, akakasirika, halafu akakubali. Na alipoanza kuungama alilia hata maneno hayakutoka. Wengine wakamfuata mmoja baada ya mwingine. Nisingemshauri padre yeyote wa leo ajaribu njia hiyo, hasa mbele ya askari magereza. Lakini angalia kilichotokea: mtu ambaye kwa miezi hakuna aliyemgusa isipokuwa kwa pingu, aliguswa na mkono usiomwogopa.

Yohane Bosco aliingia Convitto mwaka 1841, akakaa mpaka 1844. Cafasso alimpeleka magerezani mwanzoni kabisa, na alichokiona kilibadili maisha yake. Alikuta wavulana wa miaka kumi na miwili hadi kumi na minane, wenye afya na akili, wakiwa wamekaa bure, wakiliwa na wadudu, wakikosa mkate wa mwili na wa roho. Lililomtesa zaidi ni kuwaona baadhi waliokwisha kuachiliwa, waliotoka wakiwa na nia njema, wakirudishwa baada ya siku chache. Alipochunguza sababu aligundua jambo rahisi: walikuwa hawana mtu nje. Hakuna aliyewapokea langoni, hakuna aliyewapa kazi, hakuna aliyewaita kwa jina Jumapili. Mjadala kati ya mwanafunzi yule na mwalimu wake ndio uliozaa wazo la oratorio, na baadaye shirika zima la Wasalesiani. Leo tunapoona shule ya ufundi ya Don Bosco, tukumbuke kwamba mzizi wake uko kwenye chumba cha mahabusu.

Cafasso hakuwa peke yake katika mji ule. Giulia Falletti di Barolo, mwanamke tajiri mzaliwa wa Ufaransa, alikuwa amekwisha kuingia katika magereza ya wanawake na mwaka 1821 akapewa usimamizi wake. Alidai wanawake watengwe na wanaume, akaleta kazi na kusoma, na alipotunga kanuni za gereza aliwasomea wafungwa wenyewe ili wazikubali. Miaka 200 imepita na wazo hilo la mwisho bado lingewashangaza wengi. Aliwafungulia pia nyumba ya kimbilio wale waliotoka gerezani bila pa kwenda. Kanisa limemtambua kuwa Mtumishi wa Mungu mwenye fadhila za kishujaa. Bibi huyu alibadili taratibu. Cafasso alikaa na watu. Gereza linahitaji wote wawili, nami sidhani kwamba wa kwanza ana utakatifu mdogo kuliko wa pili.

Sasa tufike mahali pagumu. Kanuni ya adhabu ya Mfalme Carlo Alberto, ya mwaka 1839, ilikuwa na adhabu ya kifo, na kuanzia mwaka 1835 mti wa kunyongea Torino ulisimama kwenye njia panda ambayo watu wa mji waliiita Mzunguko wa Kitanzi. Kunyongwa kulifanyika hadharani na umati ulikwenda kutazama. Usiku wa mwisho aliyehukumiwa alihamishiwa kwenye kikanisa cha gereza, akiwa amefungwa minyororo. Ndugu wa chama cha Huruma, waliokuwa chini ya ulinzi wa Yohane Mbatizaji aliyekatwa kichwa, walikaa naye wakisali. Na pamoja nao alikaa Padre Cafasso.

Alikaa usiku kucha. Alizungumza, akanyamaza, akasikiliza, akampa maji. Wengine walitukana mpaka usiku wa manane. Wengine walitetemeka tu. Karibu na mapambazuko aliadhimisha Misa na kumpa Komunyo, halafu akapanda naye kwenye mkokoteni, akaketi upande ambao ungemzuia asiuone mti mapema, msalaba mkononi, akizungumza naye njia nzima kati ya makelele ya watu. Wanaoandika maisha yake wanahesabu zaidi ya 50 aliowasindikiza hivyo, na wanashuhudia kwamba wote walikufa wamepatanishwa na Mungu. Mmoja wao alikuwa Jenerali Gerolamo Ramorino, aliyepigwa risasi Torino tarehe 22 Mei 1849 baada ya jeshi la Sardinia kushindwa vitani huko Novara.

Cafasso aliwaita watu hao watakatifu wake walionyongwa. Aliamini kabisa kwamba anayekipokea kifo chake kwa toba, akiungana na Kristo aliyekufa kati ya wahalifu wawili, hana tena deni la kulipa, na njia yake ni moja kwa moja. Kwa sababu hiyo aliwapa ujumbe wa kupeleka. Aliwaomba wakifika mbinguni wamsalimu Bikira Maria kwa niaba yake na wamwombee neema fulani. Hebu fikiri maana ya jambo hilo kwa mtu ambaye mahakama imetamka kwamba hafai hata kupumua: saa moja kabla ya kufa, padre anamtuma, kama mtu anavyomtuma ndugu anayeaminika.

Si kila moyo uliweza kubeba kazi ile. Katika maisha ya Don Bosco inasimuliwa kwamba siku moja alimfuata mwalimu wake hadi mji wa Alessandria kwa kazi hiyohiyo, na alipomwona kijana wa miaka kama yake akiwa na kamba shingoni, nguvu zilimwishia, akaanguka. Wapo watakatifu ambao Mungu hakuwapa kazi ya kusimama pale.

Hapa naona ni lazima kusema waziwazi jambo ambalo vitabu vya sala hulipita. Cafasso hakuandika chochote dhidi ya kitanzi. Aliukuta mti, akausogelea pamoja na waliohukumiwa, lakini kuung'oa hakukuwa katika kazi aliyojipa. Na haikuwa kwamba hoja hazikuwepo. Mwaka 1764, karibu nusu karne kabla ya kuzaliwa kwake, Cesare Beccaria wa Milano alikuwa amechapisha kitabu kuhusu makosa na adhabu, akitaka adhabu ilingane na kosa, mateso ya kulazimisha watu wakiri yakomeshwe, na kifo kiondolewe katika orodha ya adhabu za kawaida. Mwaka 1766 kitabu hicho kiliwekwa kwenye orodha ya vitabu vilivyokatazwa kwa Wakatoliki. Mwaka 1786 mtawala wa Toscana, eneo jirani, aliifuta adhabu ya kifo katika nchi yake. Mapadre waliofundishwa Torino walilelewa katika Kanisa ambalo lilikuwa limewafungia mlango wa hoja hizo.

Nalisema hili bila furaha na bila kumdharau. Mtakatifu ni mtu aliyempenda Mungu na jirani kupita kawaida ndani ya mipaka ya macho yake. Kanisa halitamki kwamba aliona kila kitu. Lakini mimi, nikisoma mafundisho yake ya darasani na kuyaweka kando ya mkokoteni ule, naona kwamba mbegu ilikuwa mkononi mwake. Mwalimu aliyekataa kipimo kimoja kwa watenda dhambi wote katika kiti cha maungamo alikuwa, bila kukusudia, amekwisha kukihukumu kipimo kimoja mahakamani. Na padre aliyeona kwa macho yake kwamba muuaji wa jana anaweza kuwa mtu mpya kabla ya jua kuchomoza alikuwa na ushahidi, mara zaidi ya 50, kwamba watu wanaoondolewa duniani kama wasiorekebika walikuwa wamekwisha kurekebika wakati kamba inakazwa.

Alifariki tarehe 23 Juni 1860 akiwa na miaka 49, amechoka kabla ya wakati wake. Papa Pio XI alimtangaza Mwenyeheri tarehe 3 Mei 1925, na Papa Pio XII akamtangaza Mtakatifu tarehe 22 Juni 1947. Mwaka uliofuata akawekwa kuwa msimamizi wa magereza ya Italia. Mwaka 1961 sanamu yake iliwekwa Torino pale penye Mzunguko wa Kitanzi, akiwa pamoja na mtu aliyehukumiwa. Italia yenyewe ilikuwa imeifuta adhabu ya kifo katika kanuni yake ya mwaka 1889, ikairudisha wakati wa ufashisti, ikaifuta tena baada ya vita.

Maandishi yake yasingetufikia kama si mtoto wa dada yake, Marianna. Yosefu Allamano alikuwa na miaka tisa mjomba wake alipofariki. Alipokua na kuwa padre, akafungua upya Convitto iliyokuwa imefungwa, akakusanya na kuchapisha mahubiri na tafakari za mjomba, na kutafuta ushuhuda wa waliomfahamu. Mwaka 1901 alianzisha Wamisionari wa Konsolata, na mwaka 1902 wanne wa kwanza walifika nchi ya Wakikuyu, Kenya. Iringa waliingia mwaka 1919. Alitangazwa Mtakatifu mwaka juzi tu kwa kipimo cha historia, tarehe 20 Oktoba 2024.

Kwa njia hiyo malezi ya Torino yalifika Nyeri, na Nyeri ikajaribiwa kwa jaribu lilelile. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia mwaka 1952, serikali ya kikoloni iliwanyonga Waafrika zaidi ya 1,000 nchini Kenya. Kanuni za wakati ule zilifanya kosa la kupatikana na bunduki, au hata risasi, kuwa la kifo, na jaji hakuulizwa mtu huyo ni nani wala alifikaje pale. Dedan Kimathi alihukumiwa Nyeri mwaka 1956 kwa kosa la kupatikana na bastola. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Februari 1957, siku ya kunyongwa kwake, alichukua penseli na kumwandikia barua Padre Marino wa misheni ya Kikatoliki ya Nyeri. Aliwashukuru waliomtembelea, akasema anajiandaa kwa safari ya mbinguni, halafu akageukia mambo ya nyumbani: mwanawe apelekwe shule, mama yake mzee aangaliwe, mke wake aliye kizuizini asisahauliwe. Watu watabishana juu ya vita vile kwa muda mrefu. Barua ile haibishaniki. Ni barua ya mtu anayemtuma padre kwa mama yake, kama walivyofanya wafungwa wa Torino.

Kanisa lilichukua muda kufika lilikofika. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Evangelium Vitae wa mwaka 1995, aliifinyia adhabu ya kifo nafasi mpaka ikawa karibu haipo. Mwaka 2018 Papa Fransisko aliibadili namba 2267 ya Katekisimu: adhabu hiyo haikubaliki, kwa sababu inashambulia hadhi ya mtu isiyopotea hata baada ya makosa makubwa sana, na Kanisa linawajibika kufanya kazi ili ifutwe duniani kote. Beccaria alikuwa amekufa miaka 224 kabla.

Mahakama nazo zimetembea. Kanuni za adhabu tulizorithi kutoka kwa Waingereza, Kenya na Tanzania, ziliweka hukumu moja tu kwa kosa la kuua kwa kukusudia. Mwanamke aliyemuua mume baada ya miaka ya kipigo na jambazi aliyeua kwa fedha, wakipatikana na hatia hiyo, walisomewa maneno yaleyale, na jaji aliyeona tofauti hakuwa na ruhusa ya kuitamka. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba ulazima huo unapingana na Katiba. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua katika shauri dhidi ya Tanzania kwamba kumnyima jaji nafasi ya kupima mazingira ya mtu ni kuivunja haki ya uhai. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, Tanzania tangu 1994. Nikizisoma hukumu hizo nasikia darasa la Convitto: alijua nini, alitaka nini, alisukumwa na nini.

Lakini mti usiotumika bado una kivuli. Yupo anayelala chini ya hukumu hiyo miaka ishirini, akisikia kila hatua kwenye ukumbi kama hatua ya mwisho. Na wapo wengi zaidi ambao kitanzi hakiwahusu, mahabusu ambao kesi zao zinaahirishwa mpaka muda waliokaa ndani unazidi kifungo ambacho wangepewa. Katika gereza ninalokwenda kuadhimisha Misa yupo kijana wa namna hiyo. Mara ya mwisho, baada ya maungamo, hakuniuliza habari ya kesi yake. Alinitajia jina la kijiji, akanieleza njia: ukivuka daraja, nyumba ya tatu kulia, yenye mwembe. Anataka mama yake ajue kwamba kikohozi kimepona. Nimeahidi kwenda Alhamisi.